Safu ya Uhuru

Mwaka 1957 ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye nembo ya twiga, kwamba mwanafunzi wa Tanganyika hatapimwa tena katika somo la kuchora kwa ustadi wa kunakili, bali kwa uhuru wake wa kufikiri. Na kwamba uhuru huo, kwa kuwa ni jambo nyeti, mwalimu aupime kwa makini, mtoto mmoja mmoja, na kuwaarifu wazazi.

Mwalimu Elinaza, aliyefundisha kuchora katika shule ya kati chini kidogo ya Nkoaranga, aliusoma waraka akaupenda. Kwa miaka alikuwa akiweka birika lile lile mezani, na darasa zima likimrudishia birika lile lile. Sasa akawaambia kila mtu achore anachokiona. Binti wa Anyesi alichora mvuke tu, birika hakuna. Mwana wa Mzee Lemburis, aliyekaa sakafuni kwa kukosa dawati, alichora meza kwa chini, misumari na yote. Mwingine alichora birika la jirani yake, pamoja na makosa ya jirani.

Ikabaki kujaza kadi za wazazi. Safu ilikuwa nyembamba, na "Uhuru wa Kufikiri katika Kuchora" haukuenea. Elinaza akaandika "Uhuru", akaishia hapo. Baadaye watu walimtetea kwamba wino ulimwishia. Wino ulikuwepo.

Binti wa Anyesi alipata: "Uhuru: umekaribia." Mwana wa Lemburis: "Uhuru: anauona, ila kwa chini chini." Yule mnakili: "Uhuru: anasubiri apewe."

Jumamosi, penye mizani ya kahawa, kadi zilisomwa kwa sauti.

"Mwalimu," akauliza Anyesi, "huo wa binti yangu uliokaribia, utafika lini? Nijue kama nianze kuvundika ndizi za pombe."

"Wako angalau uko njiani, mama," akasema Mzee Lemburis. "Wangu mimi uko chini ya meza."

Kicheko kilifika Arusha mjini kabla ya kahawa. Haukupita muda, Bwana Mkaguzi wa shule akapanda na motokaa yake. Elinaza alijua kilichokuwa mashakani: kazi, nyumba ya shule yenye bati, na cheti cha ualimu, ambacho kikichukuliwa hakirudi.

"Mwalimu, neno hili umelitoa wapi?"

"Kwenye waraka wako, Bwana."

"Waraka unasema uhuru wa kufikiri."

"Kuna mwingine, Bwana?"

Mkaguzi akainamia kadi tena. "Na huyu anayesubiri apewe?"

"Huyo ndiye wa mwisho darasani."

Mkaguzi akatoa kalamu aandike barua ya kumwachisha kazi. Aliandika tarehe, akaandika jina la Elinaza bila kulikosea, akaandika "kwa sababu". Hapo kalamu ikakaa. Kumfukuza mtu kwa kutii waraka kungehitaji waraka mwingine. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akakusanya kadi zote na kuteremka nazo mlima. Elinaza akabaki na kazi yake.

Muhula uliofuata kadi zilitoka Dar es Salaam, zimepigwa chapa. Safu ilikuwa imepanuliwa, "Uhuru wa Kufikiri katika Kuchora" ukaenea wote. Alama ya kila mtoto ilikuwa imekwisha kuchapwa humo: "Wastani."