Sema Kidogo Nikuone

Valentin, kaka mukubwa wa bwana yangu, anashona nguo hapa Katindo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ukiingia kwake akakukodolea macho bila kukusalimia, usikasirike. Atakuambia: "Sema kidogo nikuone." Ukisema, uso wako unatulia mbele yake, naye anacheka na kukupa kiti.

Ana ugonjwa ule muganga anaita skizofrenia. Macho yenyewe ni mazima, uzi anatunga kwenye sindano mara moja. Kinachosumbuka ni kichwa, katika kupanga kile macho yameleta. Siku zingine pua ya mutu inahama, ao maua ya kitambaa yanatembea. Dawa anameza asubuhi na chai, na siku za namna ile zimepungua sana.

Nilipozaa Munezero, nilimuomba awe baba yake wa ubatizo. Alifurahi mpaka akajishonea koti jipya. Lakini kwetu, siku kama hiyo wanawake wote wa jamaa wanavaa nguo za kikwembe kimoja, kitambaa cha maua ya namna moja, na mama mukwe wangu, Mama Dative, alikuwa amekwisha kununua: cha kijani, kimejaa michoro ya macho makubwa meupe. Hakuna aliyefikiri macho hayo yatamufanya nini Valentin. Valentin alishona nguo zote kimya kimya, kitambaa amekifunika na shuka, akiacha wazi pale tu sindano inapita. Nilipoona hivyo nikamuuliza kama tubadilishe. Akasema moja moja anaziweza. Zikijaa kanisa nzima, hajui.

"Nikikimbia, Mama Munezero, mutoto atabaki bila mutu."

Nilimuambia mama mukwe. Aliangalia kile kikwembe, akasema nimuachie yeye.

Jumapili ya ubatizo, padri alimuita baba wa ubatizo. Mimi nilikuwa mbele na mutoto, karibu na maji. Valentin aliingia mulangoni, akaona wanawake wamejipanga huku na huku, macho yote yale, akasimama. Mukono wake ulikuwa unatafuta ukuta. Ndipo Mama Dative akasema, bila kugeuka sana:

"Valentin, huu mukono wa nguo ni mufupi. Kipande kingine ulipeleka wapi?"

Alimutazama. Nikaona mabega yake yameshuka. Akajibu kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa kidogo, akapiga hatua. Clarisse, dada ya bwana yangu, akalalamika kwamba yake inamubana kiuno. Aliyemufuata akadai kifungo. Valentin akatembea hivyo, kutoka lalamiko moja mpaka lingine, akiahidi kutengeneza yote Jumatatu, na padri akingoja huku anajizuia kucheka.

Aliponifikia sikuwa na la kulalamika. Nikasema tu: "Yangu imenienea, shemeji."

Akapokea mutoto. Maji yalipogusa kichwa, Munezero alilia kanisa lote likasikia. Valentin akamuinamia.

"Basi, basi. Wewe nimekuona."

Jumatatu alingoja wateja wake na mashini tayari. Alifika mumoja tu, Mama Dative, nguo mukononi. Mukono wa nguo ile ulikuwa mufupi kweli.