Bei ya Wageni

Mama hakuelewa kwa nini mtu mwenye nyumba ya mabati aende kulala porini, tena alipie. "Bibi zetu wamezaa wakihama na ngamia," alisema huku akikaanga nyirinyiri, vipande vya nyama kavu vya safari, "leo tumepata ukuta, na baba yenu anataka turudi kwa hema. Kwa pesa!" Baba alicheka tu. Alikuwa ameliosha lori lake, lile Bedford lililozoea kupeleka unga na sukari Marsabit na kurudi na mbuzi, lakini harufu ya mbuzi ilikuwa imegoma kutoka.

Safari hiyo ilikuwa deni la nafsi yake. Katika ujana wake, kabla hajapata lori, aliwaendeshea watalii gari la mizigo. Aliwasimamishia mahema kando ya ziwa moja la Bonde la Ufa, ndani ya mbuga, akawachemshia maji ya kuoga, kisha yeye akalala chini ya gari. Palikuwa na mahali pa kale humo mbugani, penye mawe yaliyochongwa na binadamu wa kwanza. Watalii walikwenda kuyatazama, yeye akabaki kulinda sufuria. Akajiapiza kwamba siku moja ataingia kwa lango lile na mke wake na watoto wake, kama mwananchi yeyote, na atayaona mawe hayo. Tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo mpaka tungeweza kumsimulia yeye.

Niseme sisi ni nani, maana balaa lilitokea hapo. Babu alikuwa Msomali aliyeletwa na Mwingereza kumpigania vita vyake, na vita vilipoisha akaambiwa akae Isiolo. Akakaa, akaoa, akafuga, akazikwa huko huko. Baba alizaliwa Isiolo, nasi pia. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu yangu alipewa bunduki siku ya kwanza, na wajukuu zake mpaka leo wanaulizwa wataondoka lini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la saba. Tulifika langoni alasiri. Mbele yetu palikuwa na Mzungu ndani ya Landrova. Alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba yeye ni mwenyeji, anakaa Nairobi, akacheka na askari wa lango, akalipa bei ya wenyeji, akapita. Baba akashuka. Alikuwa amevaa koti, na joto lote lile.

"Habari ya kazi, bwana. Wakubwa wawili na watoto watatu. Tunalala."

Askari alimtazama usoni, si mkononi palipokuwa na pesa. "Mzee, soma kibao, hapo chini. Bei ya wageni."

"Mimi si mgeni. Ni raia. Kipande hii hapa, kitambulisho cha serikali."

"Hizi nyinyi mnanunua. Nani hajui?"

"Nimezaliwa Isiolo. Baba yangu amezikwa Isiolo."

"Si huko ndio mnaingilia nchi hii?"

Mama alimwita kwa Kisomali kutoka ndani ya lori, akamwambia turudi nyumbani. Baba alikuja, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kikopo cha tumbaku ambacho sikujua kwamba kimesafiri nasi. Ndani yake mlikuwa na nishani za babu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba alijua. Huku akilisugua lori na kutuchekesha, alijua kwamba huenda akaulizwa yeye ni nani, na akaja na ushahidi wake kama mshtakiwa.

Askari alizipima uzito kiganjani. "Hii ni ya Mwingereza," akasema, akizirudisha. "Basi huyo ndiye anakujua."

Nilitaka baba amtukane. Nilitaka alishike lori lile na kuling'oa lango. Badala yake alihesabu pesa za bei ya wageni, akapewa tiketi, akasema asante. Mama aliliona jicho langu. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," akaninong'oneza. Mimi sikuona sababu ya kuubusu, na sijaiona hadi leo.

Ziwa lilikuwa zuri, sitasema uongo. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wengi mpaka ufuko wote ukaonekana wa rangi ya waridi, na wadogo zangu walikimbia wakipiga kelele, magadi yakiwaganda miguuni. Mama, aliyeipinga safari, ndiye sasa aliyejitia kuifurahia. Alisifu upepo, akasifu hata kuni. Baba alifunga turubai kwenye ubavu wa lori ili liwe hema letu, na yeye aliyeweza kufunga mzigo ukafika Moyale bila kusogea, alifunga fundo likafunguka mara mbili. Hakwenda majini. Nilimpelekea chai akaiacha ikapoa.

Asubuhi tulikwenda kwenye mawe. Kijana mwongozaji alitupokea pamoja na watalii wengine, mchangamfu, mwenye sauti nzuri, wala sina la kumlaumu. Alituonyesha mawe yenye umbo la chozi, yamelala pale pale yalipoachwa na wenyewe. Akasema binadamu wote wa dunia, weusi kwa weupe, wazazi wao walitembea kwenye udongo huu, kwa hiyo hakuna mtu aliye mgeni hapa. Nikamtazama baba kwa furaha. Nilidhani maneno hayo yatamponya.

Kijana akaanza kuwauliza watalii wanatoka wapi. Mmoja akasema Ujerumani. Wengine wakasema Uingereza. Akatufikia sisi, akitabasamu.

"Na nyinyi, mzee? Mmetoka nchi gani?"

Nikafungua kinywa kumwambia Isiolo. Mkono wa baba ukanikamata begani, ukanibana mpaka nikanyamaza.

"Aden," baba akasema.

Baba hakuwahi kufika Aden, ng'ambo ya bahari. Hata bahari hakuwa ameiona.

"Karibuni sana Kenya," kijana akasema, na baba akamshukuru kwa Kiingereza.