Milima ya Waswisi na Kilima cha Tonton Ilunga

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia nakasirika mpaka chai inapoa mkononi, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nasoma historia ya sanaa hapa Brussels katika masomo ya jioni. Mchana nilibeba masanduku ghalani, jioni nilibeba akili za Ulaya nzima. Nilinunua hata miwani katika duka la barabara ya Chaussée d'Ixelles, fremu nyeusi nene, ingawa macho yangu yalikuwa mazima kiasi cha kuhesabu manyoya ya njiwa aliyetua juu ya kanisa. Basi Wakongo wenzangu wa Katanga pale parokiani wakaona wamepata msomi, wakanipa kazi ya kuchagua picha za kutundika ukumbini siku ya sikukuu ya parokia.

Jumamosi hiyo Tonton Ilunga, tonton yaani mjomba wa parokia nzima, akaleta yake. Huyu mzee alipaka rangi kuta za nyumba za watu maisha yake yote, na siku za kupumzika alichora kitu kimoja tu: kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba cha Lubumbashi, na bomba refu la moshi kando yake. Nadhani alikwisha kukichora mara elfu tatu. Zamani alikuwa akiweka chini yake akina mama na mabeseni, baiskeli, mbwa, muuza mkate. Hii aliyoileta kwa metro, treni ya chini ya ardhi, ameifunga kwa shuka, haikuwa na mtu hata mmoja. Kilima, bomba, na anga ya rangi ya majivu yenye wekundu kidogo kwa chini. Basi.

Nikarekebisha miwani. "Tonton, bantu beko wapi?"

"Bantu balishaenda," akasema. "Nimebakia na kilima."

"Bon, Tonton, ni ile ile ya kila mwaka, na sasa umeifanya tupu. Watu watacheka. Ukitia watu, nitaitundika."

Hakubisha. Aliifunga tena kwa ile shuka, pembe kwa pembe, taratibu, akashuka nayo ngazi. Nami, mpumbavu, nikajiona nimelinda heshima ya sanaa!

Wiki mbili baadaye nilikuwa na mtihani wa kuzungumza mbele ya walimu, juu ya wachoraji wa kisasa wa Uswisi. Mke wangu alikuwa amechoka kunisikiliza. Hata mapazia ya nyumba yetu mtaa wa Berchem yalikwisha kuwajua Waswisi. Nikaenda mtaa wa Anderlecht, ghorofa ya tisa, kwa Tonton, nikajaribie hotuba yangu kwake.

Nikasimama katikati ya sebule. Nikamweleza jinsi wengine wao walivyojifunza kazi kwa kuchora vipicha vya maziwa na milima vya kuwauzia wasafiri, na mashua na ng'ombe ndani yake. Jinsi mmoja alivyorudi kwenye ziwa lile lile mwaka baada ya mwaka, akaondoa mashua, akaondoa miti, akaondoa watu, hata uzeeni akabaki na mikanda ya rangi tu: maji, mlima, anga. Waliokuja baadaye wakaondoa na mlima wenyewe, wakabaki na miduara na miraba. "Na huku," nikasema kwa sauti ya profesa, "ndiko kukomaa kwa sanaa! Kila alichokiondoa kilikipa nguvu alichokiacha."

Tonton akaniangalia sana.

"Ule muzee wa Suisse, aliondoa bantu?"

"Aliondoa, Tonton."

"Na banamusifu?"

"Dunia nzima!"

"Alors, miye nilikosa nini?"

Mwanangu, niliweka karatasi zangu chini. Nikauliza picha iko wapi. Akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya mlango.

Ilikuwa bado inanuka rangi. Chini ya kilima walisimama akina mama watano na mabeseni yao, baiskeli mbili, na yule mbwa wa zamani. Wekundu wa anga ulikuwa umefunikwa na migomba.

"Ulisema bantu," akasema. "Njo hao bantu."

"Tonton, tuwatoe!"

"Ile ni rangi ya mafuta, mutoto yangu, haiko chaki. Miaka makumi mbili nilikuwa natoa kitu kimoja kimoja. Ile baiskeli ya mwisho, miaka mbili nzima kuitoa. Weye uliangalia dakika ngapi?"

Nikainama kuitazama ile picha kwa karibu.

"Na toa hiyo miwani kwanza. Ni kioo tu, minajua. Ule Muswisi unamujua mu kitabu. Miye niko hapa, mbele yako."

Siku ya sikukuu picha ilitundikwa, na ukumbi mzima ukashangilia: "Ah, Tonton amerudi!" Hakuchora tena kilima kitupu. Na mimi, sikia aibu hii, mtihani nilifaulu kwa sifa ambazo hata mapadri hawazipati. Walimu walipoanza kuniuliza maswali, niliwaambia kuna mzee Anderlecht aliyepita njia ile ile ya Waswisi, peke yake, bila mwalimu. Mmoja wao akatabasamu: hayo ni mambo ya utamaduni wenu, hayamo katika somo hili. Nikawaka kama jiko! Uswisi kurudia mlima mmoja ni utafiti, kwetu kurudia kilima kimoja ni mazoea? Lakini ningemlaumu vipi? Maneno kama yake nilitangulia kuyasema mimi, tena kwa Kiswahili, mbele ya mzee mwenyewe.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Soma, soma mpaka vitabu vikuombe pumziko. Ila subira unayoipa picha ya kitabuni, mpe pia mtu aliyepanda metro kukuletea ya kwake. Kaa mbele ya kazi yake kabla ya kufungua mdomo. Muulize ameondoa nini, na kimemchukua muda gani. Usimwambie akirudishe kwa sababu wewe unaogopa kuchekwa.

Mungu akupe macho yako mwenyewe na akulindie hayo. Na siku utakapokuwa mzee, umebaki na kilima chako kimoja, asikutokee kijana wa kukudai baiskeli.