Tulipobandua Lami Kwenye Gari

Mume wangu alikuwa karani wa serikali Isiolo, na gari letu alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa kuukuu tayari, lakini bampa zake na ile mikanda ya chuma kando ya milango iling'aa mpaka inaumiza macho. Vita vya mashifta, wale waasi wa kaskazini, vilipopamba moto, dereva mmoja wa msafara alimwambia, "Karani, hiyo kitu yako inaonekana kutoka Gotu. Utatuletea risasi." Jioni hiyo hiyo mume wangu alipaka lami kila mahali palipong'aa.

Lami ilikaa mpaka vita vilipoisha. Mdogo wangu alikuwa anaolewa nyumbani, huko juu Meru, na sikutaka kufika harusini na gari lililofanana na sufuria ya kuni. Mume wangu akiwa kazini, nilianza mwenyewe.

Jirani yangu, mama wa Kiborana tuliyechota naye maji bomba moja, alinikuta nimepiga magoti uani na kisu cha jikoni.

"Salaam aleikum, dada. Unachuna gari kama mbuzi?"

Akacheka, akavua viatu, akaketi upande wa pili.

Lami tuliilainisha kwa mafuta ya taa, tukaikwangua kwa vijiti ili tusichubue chuma. Chini yake kulikuwa na kutu. Niliwahi kumwona fundi akitumia karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti za sigara, kwa hiyo tukazilowesha zile za mume wangu tukasugua, na kutu ikatoka kahawia kama chai. Mkanda mmoja ulikuwa umeachia mlango kwa sababu vishikizo vyake vilikuwa vimelika. Jirani alipitisha waya wa shaba katika matundu yale yale, akaufunga kwa ndani kwa mafundo madogo. Raba za madirisha zilizokauka alizipaka mafuta ya ngamia mpaka zikalainika.

Ndipo mama yake akatoka nyumbani kwao. Alikuwa amefika siku chache tu kutoka upande wa Garba Tulla, kwenye kijiji ambamo watu walikusanywa na serikali wakati wa vita, wakazuiliwa pamoja na mifugo yao mpaka mifugo ikaisha. Tangu afike hakuwa amesema mengi. Alikuja polepole na fimbo yake, akainama mbele ya bampa tuliyokuwa tumetoka kuifuta.

Akagusa shavu lake. Kisha akasema neno moja kwa Kiborana, kwa sauti ya chini.

Jirani aliacha kitambaa. "Anasema 'mama'," akaniambia. "Anamwona mama yake. Kule hawakuwa na kioo, dada. Alipoingia nywele zake zilikuwa nyeusi."

Bibi aliketi kabisa mavumbini. Akafungua mtandio, akageuza kichwa huku na huku, akazungumza na yule mwanamke wa kwenye chuma kwa muda mrefu. Nimekwenda kanisani tangu utotoni, na sijawahi kunyamaza vile.

Alipomaliza, alichukua karatasi ya sigara mkononi mwangu akaanza kusugua pembe tuliyokuwa tumeibakiza.

Mume wangu alitukuta watatu hivyo. Alimwamkia bibi, akalizunguka gari. "Nilikuwa nimesahau linavyong'aa," akasema.

Kesho yake nilimpelekea bibi kioo changu kidogo cha mkobani. Alikitazama, akanirudishia kwa heshima. Binti yake alieleza kwamba kilikuwa kidogo mno, mama wa bibi hakuenea humo.

Harusini waliniuliza fundi wetu ni nani. Nikasema ni jirani yangu na mama yake, wakadhani ni mzaha. Mvua zilizofuata, kutu ilirudi kwenye bampa, ila mkanda wa mlango haukulegea tena. Wakati huo bibi alikuwa ameshahamia Sericho, kwa mwanawe aliyekuwa amepata mbuzi wachache wa kuanzia.