Latifa na Orodha ya Makaburi

Latifa Rajabu ana kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Chuno, na mimi nashona nguo kibanda cha pili. Bati moja tu ndilo linalotutenganisha, kwa hiyo siri zake nazijua na zangu anazijua. Ni mwanamke wa maneno machache, mbishi kupita kiasi, na hatupi kitu. Kopo lake la biskuti limejaa sidii za programu za zamani, nyingine zimefutika hata maandishi. Nikimtania kwamba siku moja nitazipeleka jalalani, ananiuliza, "Beatrice, na yale magunia yako ya vipande vya vitambaa?"

Mwaka jana, Jumanne moja ya mwezi wa saba, alishuka kwenye bajaji Bi Mwanaidi, mjane wa Mwalimu Mussa, akiwa na kompyuta mbili. Alikuwa ametoka eda wiki hiyo hiyo. Kompyuta moja ilikuwa ya marehemu, imeungua, diski tu ndiyo iliyopona. Ya pili ilikuwa mpya, mtoto wao aliituma kutoka Dar es Salaam, na mwalimu alifariki kabla hajaitumia.

Shida yake aliieleza taratibu. Kijijini kwao, karibu na mdomo wa Ruvuma, bahari imekuwa ikila makaburi kila mwaka. Wanakijiji walikubaliana kwamba Jumamosi ile wayahamishe bara kidogo. Lakini kaburi ambalo ndugu hawawezi kulionyesha lisingeguswa, maana huwezi kufukua tu ardhi ya wafu kwa kubahatisha. Mwalimu Mussa aliandika kila kaburi, nani amelala wapi, amepima kwa futi kamba kuanzia kisimani. Yote yalikuwa ndani ya programu aliyotengenezewa na rafiki yake zamani.

"Mwanangu wa kwanza yumo humo," alisema. "Wa kike. Aliishi siku tatu."

Kwao mwanamke haendi kuzika. Mumewe aliondoka na mtoto mikononi, akarudi mikono mitupu, na kwa miaka thelathini na minne mama hakuuliza. "Nilidhani nitakuwa na muda wa kumuuliza," alisema. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nyuma ya bati.

Latifa aliihamisha programu kwenye kompyuta mpya, ikakataa kufunguka. Ilizoea Windows ya zamani na hiyo mpya haikuielewa. Akaamua aing'oe Windows mpya, aweke ya zamani. Nikamwambia hiyo ni kama kumvisha mtu mzima sare yake ya darasa la kwanza. "Nitaitanua," akajibu, akafungua kopo lake la biskuti. Tangu siku hiyo kopo lile silitanii tena.

Jumatano nzima Windows ya zamani ilikataa hata kuiona diski ya mashine mpya. Alhamisi asubuhi ikaiona, ukurasa wa kuanza ukatokea, halafu kibodi na mausi vyote vikafa, kwa sababu Windows ile ilikuja kabla ya matundu ya siku hizi na haikuyajua. Latifa akaingia chini ya meza, akatoka na kibodi chakavu yenye kichwa cha duara, ile ya enzi za kompyuta zenye kisogo. Nyuma ya mashine mpya, kwa bahati, palikuwa na tundu moja la duara. Ilikubali. Mpaka alasiri programu ilikuwa imefunguka, nayo ikaomba neno la siri.

Tulijaribu majina ya watoto, ya shule alizofundisha, ya Bi Mwanaidi mwenyewe. Latifa anajua kuvunja vitu kama hivyo, ila aliogopa kuharibu orodha. Ndipo Bi Mwanaidi akakumbuka kwamba mumewe alikuwa akicheka na kusema kuwa neno lake ni lile ambalo hakuna anayethubutu kumwita.

Latifa, ambaye ni Mmakonde, alielewa papo hapo. Mimi wa kutoka Njombe ilibidi nielezwe. Mvulana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la utotoni huachwa huko huko. Kumwita kwa jina hilo ni kumtukana. Aliyebaki hai anayelijua alikuwa dada yake mkubwa, Bi Fatuma wa Likombe.

Tulimleta Ijumaa baada ya swala. Alikataa katakata.

"Mdogo wangu amezikwa na jina lake la ukubwani. Leo mnataka nimtukane kaburini?"

"Wifi," Bi Mwanaidi alisema, "namtafuta mwanangu."

Kisha Latifa akauliza, "Bibi, unajua kuandika?"

"Nilisoma kisomo cha watu wazima."

"Basi usiseme. Andika." Akamwonyesha kwa kubonyeza jina lake mwenyewe, na kwenye kioo zikatokea nukta tupu. "Hakuna atakayeliona. Hata mimi."

Bi Fatuma alizitazama nukta zile kwa muda mrefu, hata hivyo akatuamuru tugeuke ukutani. Tuligeuka. Nilisikia herufi zikibonyezwa moja moja, na kati yake kimya kirefu. Sikuzihesabu, makusudi. Aliposema "tayari", Latifa alirudi, akabonyeza kitufe cha mwisho, orodha ikafunguka.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Bi Fatuma, na machozi yakamtoka.

Latifa akasoma, "Binti wa Mwanaidi. Siku tatu. Toka kisimani kuelekea baharini, mita ishirini na sita." Akachapa orodha nzima kwa ajili ya kijiji chote.

Jumamosi tulikwenda kijijini na Bi Mwanaidi, maana kuonyesha kaburi si kuzika. Watu walishika karatasi zile na kuwapata mababu ambao walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa. Kwa Bi Mwanaidi, Latifa alishika futi kamba kisimani, mimi nikaivuta. Kwenye mita ishirini na moja ardhi ikaisha. Chini yangu palikuwa na maji.

Latifa alikuja, akasoma karatasi upya, akarudi kisimani kupima tena. Ishirini na moja. Sijawahi kumwona amenywea vile.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimechelewa."

Bi Mwanaidi alichukua ncha ya futi kamba mkononi mwangu, akatazama maji mita tano mbele yake.

"Hukuchelewa. Miaka yote hii nimemwombea bila kujua nielekee wapi." Akanyoosha kidole. "Ni pale." Halafu akafungua mikono, akaanza kumwombea.