Sauti Yangu Ilirudi kwa Mikono

Bismillahi. Wenzangu, kabla sijasema la maana, isikilizeni kwanza sauti yenyewe. Mnaisikia? Ni yangu! Imekwaruza kidogo, na nikichoka maneno marefu yananitoroka, lakini ni yangu, naipandisha nikitaka na naishusha nikitaka. Nyie mlioketi kwenye benchi hili la zahanati, huyu mkono umelegea, yule mdomo umekwenda upande, nawajua mnavyojisikia ndani. Nilikuwa hukohuko. Basi nipeni masikio, na wewe dada yangu mkubwa wa pale mwisho, jifute machozi kwanza, nitakufikia.

Naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Bagamoyo, nyumba ya mawe aliyotuachia baba. Kabla ya maradhi nilikuwa na chuo cha Kurani pale ukumbini, chuo cha watoto wa kike, nilichokirithi kwa mama yangu. Na nilikuwa na mdomo, jamani! Mimi niko uani nakuna nazi, mtoto akikosea ukumbini, namsahihisha kutoka kwenye mbuzi bila kuinuka. Marehemu mume wangu akinitania, "Mwanaidi, siku utakayonyamaza, mji mzima utakuja na sanda."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, chuo kimejaa, watoto wanayumba na kusoma. Nilikuwa nimeshika kijiti changu cha kuonyeshea herufi. Kikaniponyoka. Nikauangalia mkono wangu wa kulia, nauambia okota, haunisikii. Nikataka kumwambia mtoto wa karibu, "Niokotee," ikatoka "bababa." Watoto wakacheka, walidhani mwalimu leo ana mzaha! Nikaenda upande, shavu likagonga mkeka, mate yananitoka, na haja ndogo ikanitoka palepale mbele ya wanafunzi wangu. Hapo hakuna aliyecheka tena. Mkubwa wao akavua mtandio wake akanifunika miguu, Mungu ampe mume mwema.

Hospitalini daktari aliniinua kope, akanigonga goti, akamwambia mdogo wangu Tatu, "Ni kiharusi. Presha ilipanda sana, na mshipa wa kichwani umeziba. Anaelewa kila mnachosema, ila njia ya kutolea maneno imeharibika."

Tatu akauliza, "Atasema tena, daktari?"

"Mungu ndiye ajuaye. Mpeni dawa bila kukosa, msimpe chumvi, na mgeuzeni mara kwa mara asipate vidonda."

Muhogo bila chumvi! Hata huo nao sikuweza kuulalamikia.

Nikarudishwa nyumbani, nikalala. Nilipata kidonda nyongani hata hivyo, kinanuka, na uji ukinyweshwa unateremka kidevuni. Nitawaambia kilichoniuma kuliko kidonda. Watoto walikuja kunitazama, wamevaa mitandio misafi, wakasimama kwa safu. "Shikamoo, mwalimu." Wakangoja. Mnajua mtoto wa kwetu anavyongoja marahaba, haondoki mpaka aipate! Nikafungua kinywa, ikatoka "bababa." Wakatazamana, wakaondoka wakinyata. Baada ya hapo wazazi wakaanza kuwapeleka vyuo vingine, mmoja mmoja, na Tatu akakunja mikeka akaisimamisha ukutani.

Nikageukia ukuta. Nilijisemea moyoni, mimi niliyewafundisha wenzangu kutamka, nitakufa bila kuitamka shahada kwa ulimi wangu? Hofu hiyo ilinikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Kula nikaacha.

Ndipo akaja Bi Marta. Alikuwa muuguzi Mswisi wa zahanati hii, mwembamba, viatu vikubwa, Kiswahili chake kinakwenda na kusimama. Kaja kusafisha kidonda. Akapiga magoti kando ya kitanda changu, "Shikamoo, Bi Mwanaidi," na yeye akangoja! Nikamkasirikia. Mara akaruka, mwanamke mzima.

"Marahaba! Ma, ra, ha, ba! Bi Mwanaidi, neno hili lote ni A!" Akaitupa mikono yake wazi, huku na huku, kama mtu anayefungua madirisha mawili. "Kwetu A tunaifanya hivi."

Nikasema moyoni, masikini, jua limempiga.

Akakaa akanieleza taratibu. Kwao kuna elimu iitwayo anthroposofia. Jina gumu, mpaka leo nalikata vipande kama muwa. Wanafundisha kwamba mtu si mwili tu. Mna mwili, mna uhai unaouotesha mwili, mna nafsi inayopenda na kuchukia, na juu ya vyote mna mwenye nyumba mwenyewe. Na maneno, akasema, hayatoki mdomoni peke yake. Mtu huyasema mwili mzima, toka nyayo mpaka vidole, na kila sauti ina mwendo wake. "Mlango wa mbele umefungwa," akaniambia. "Tutapita mlango wa uani."

Hapo nikamtolea jicho, huyu anataka kunibatiza? Akanielewa, maana jicho langu lilikuwa halijapooza. "Sikuja kukutoa kwenye dini yako. Dini yako ni yako. Mimi nataka mikono yako tu. Na dawa za daktari usiache hata moja."

Basi tukaanza. Kwanza anakanda, kwa mafuta ya nazi aliyoyachemsha na mchaichai, kuanzia kisigino. Kisha mikono, mmoja wangu mzima na mmoja wangu mfu aliouinua yeye. A, mikono inafunguka. I, mmoja unanyooka juu na mwingine chini. U, yote miwili inakaribiana, inakusanyika. Siku ya pili ya mazoezi, wallahi, nilicheka! Kicheko kilikuwa kibovu, cha upande mmoja, lakini nilicheka. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nawafundisha watoto yaleyale maisha yangu yote! Fat-ha ni A, na fat-ha maana yake ni kufungua. Dhuma ni U, na maana yake ni kukusanya pamoja. Mikono ya yule Mswisi ilikuwa inanisomea alifu zangu na mwenyewe hajui! Nilitaka kumwambia nikashindwa, nikalia. Toka siku hiyo nilikuwa namngoja, macho mlangoni, kama mtoto anayengoja maandazi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Bega liliniuma mpaka nikatapika. Mguu ulikaza, vidole vikakunjana. Bi Marta alileta fimbo ya shaba, fupi, nyekundu, inang'aa, ya kushika kwa mikono miwili ili ule mzima uufundishe ulio mgonjwa. Niliiangusha sijui mara ngapi, nikaisukuma kwa hasira, akaiokota akanirudishia. Nikaweza kuketi. Nikaweza kusimama nimeshika nguzo. Koo likaanza kutoa mvumo, mmmm, sauti ya Alhamdu bila maneno. Maneno yalikuwa bado.

Siku moja akaniambia, "Bi Mwanaidi, jina lako naweza kulitamka mimi, na Tatu, na kila mtu. Lakini liko neno moja ambalo hakuna awezaye kulisema kwa niaba yako. Nikilisema mimi, nitakuwa nimejitaja mwenyewe. Neno hilo ni mimi. Huyo ndiye mwenye nyumba. Tumwite." I na I, mkono juu, mkono chini. Nikajaribu mpaka jasho likanitoka. Ikatoka "mmm" tu.

Sasa sikilizeni kioja. Alasiri moja nilikuwa peke yangu uani, Tatu kaenda sokoni. Nikajifunika shuka kichwani kwa ajili ya jua, nikaegemea nguzo kwa mgongo, fimbo ya shaba mkononi, nikainua mkono juu, navuma. Tatu akaingia. Akaliachia kapu, samaki wakatapakaa.

"Lahaula! Dada kapandisha!"

Kumbe siku zote alikuwa na wasiwasi wake kwamba mimi nina pepo bubu, na ile fimbo ndimo anamokaa! Nikatikisa kichwa, hapana. Akasema, "Unaona, anakataa kujitaja." Nikatikisa zaidi. "Unaona, anazidi!" Nitamwelezaje, na ulimi umelala? Akatoka mbio.

Mkitaka kujua ujirani wa Bagamoyo, semeni kuna pepo. Mara uani pamejaa. Mama Pili, fundi wa pepo wa mtaa wa pili, kaja na ngoma zake na wateja wake, chetezo kinafuka, ubani unanichoma pua, shuka nyeupe ikashushwa mpaka usoni. Mimi! Mwalimu wa chuo, niliyewakanya wanawake haohao wasicheze ngoma za pepo, leo napungwa uani kwa baba yangu! Nilichemka. Damu ilinipanda, nikamwomba Mungu presha isiniue kabla sijawatukana.

Ngoma zikapigwa. Na hapa, jamani, sitawaficha kitu. Mguu wangu wa kulia, ule mfu, uliisikia ngoma. Uliinuka! Ukakanyaga, ukainuka tena, nami sijauambia kitu. Nikaiachia nguzo.

Mama Pili akaniinamia sikioni. "Nani wewe?"

Nikavuma.

"Nani wewe? Jitaje, usitutese!"

Mkono ukapanda juu, mwingine ukashuka chini, na mwili wote ukasukuma. "Mmm… mi… mimi!"

Vigelegele! Uani kulitikisika. "Kasema! Pepo kasema!"

"Mimi nani?" Mama Pili akauliza.

"Mimi… Mwa… na… idi!"

Ngoma zikanyamaza. Mama Pili akakunja uso. "Hilo ni jina la mgonjwa. Nimekuuliza wewe, pepo, jina lako."

Nikaivuta shuka ikaanguka. "Mimi! Mwanaidi! Mimi!"

"Haya basi, unataka nini? Marashi? Pete? Kilemba chekundu?"

"Wa… to… to." Nikameza mate. "Watoto wangu. Chuo."

Chetezo kikamponyoka Tatu, makaa yakatawanyika, kanga yake ikashika moto pembeni, wala hakuizima yeye, walimzimia wenzake. Alikuwa ameshaniangukia shingoni. "Dada! Ni dada! Jamani, ni dada mwenyewe!" Tukaanguka chini wote wawili. Palepale chini, juu ya majivu, nikaisema shahada. Niliisema kwa vipande, nikiinua mikono kila sauti, mpaka nikaimaliza. Nililia kwa furaha mpaka kifua kikauma.

Bi Marta alipokuja na kuhadithiwa, alicheka akashika mbavu, kisha akalia. Akamwambia Tatu, "Mikono yake nimeifundisha mimi, lakini mguu wake ulitaka mdundo wenu. Kwa nini sikukuomba ngoma tangu mwanzo?" Baadaye Tatu ndiye aliyenipigia mdundo wa mazoezi yote, kwa sinia.

Mpaka leo wanagombea. Mama Pili anasema pepo kamtoa yeye. Daktari anasema ni vidonge. Bi Marta, kabla hajarudi kwao, alisema ni mwenye nyumba aliyeamka. Mambo mengine ya elimu yake sikuyakubali, na nilipopata ulimi nilimwambia. Ati roho hurudi duniani mara nyingi? Tulibishana hilo mpaka chai ikapoa, tukacheka. Mimi nasema Mwenyezi Mungu ndiye aliyeponya, na hao wote aliwatuma, hata Tatu na samaki wake. Nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Basi baada ya ile ngoma, Tatu akakunjua mikeka. Asubuhi yake wakaja watoto wachache, wakasimama kwa safu mlangoni, wanaogopa. "Shikamoo, mwalimu."

Nikavuta pumzi, nikaifungua mikono wazi ili ile A ipite. "Ma… ra… ha… ba."

Mimi nafungua mikono kwa sababu bila mikono neno halitoki. Wao wakadhani nawaita. Wakaja mbio wote kwa pamoja, wakanivaa, wakaniangusha kwenye mkeka, mitandio inanifunika uso, na mimi chini yao nasema marahaba, marahaba, marahaba, wala sikutaka kunyamaza.

Kwa hiyo wenzangu, meza dawa zako. Acha chumvi, nayajua machungu yake. Usigeukie ukuta. Jitikise kila siku, hata kidole, na anayekukanda akikutia uchungu msamehe. Nyie mnaouguza, msimsemee mgonjwa. Mwulizeni, kisha mngojeni, hata uji upoe.

Na sasa nimekufikia, dada yangu mkubwa wa pale mwisho. Tatu, nipigie sinia, polepole. Usijali mdomo, dada, mdomo utakuja nyuma. Nitazame mikono yangu, na wewe fungua ya kwako, ule mzima kwanza.

Shikamoo, dada. Siondoki. Nangoja.