Chumba cha Manamba

Jumanne nilipanga foleni bomani Korogwe. Mbele yangu bibi mmoja wa Manundu alikuwa akiandikisha wasia. Nyumba yake ina vyumba vitatu. Viwili aliwaachia wanawe. Katika cha tatu alitaka akae manamba yeyote aliyezeeka na kutolewa kambi ya mkonge, na kodi yake iwe kufagia uwanja.

Karani akaweka kalamu chini. “Bibi, nipe jina. Siwezi kumwandika mtu asiyejulikana.”

Bibi akajifunga upya ushungi wake. “Marehemu mume wangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, mjukuu wangu. Walimwandika namba. Jina hawakumwuliza.”

Karani akaiinua kalamu, akaandika.

Neno manamba nalitumia tangu utotoni. Siku hiyo ndipo nilipoisikia namba iliyomo ndani yake.